Msumeno wa meza ulikuwa unanirushia mbao, hivi ndivyo nilivyotatua

Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba huku Kayole, na wiki mbili mfululizo kila nikipasua saipresi ya Gikomba mbao inabanwa halafu inarushwa kwangu kwa nguvu, siku moja ikanigonga tumbo nikakosa pumzi kabisa. Nikadhani bledi ni butu, nikanoa, wapi! Nikachomoa plagi, nikapima kutoka bledi hadi fensi (ile reli ya pembeni inayoongoza mbao), mbele na nyuma, kumbe nyuma imekaribia kwa milimita 2, ndo maana meno yanayopanda kule nyuma yanaidaka mbao. Nikalegeza bolti nikanyoosha, nikarudisha kile kisu cha nyuma ya bledi kinachozuia mpasuo usifunge (mashine ni ya mitumba, aliyekitoa sijui alifikiria nini jamani), nikachonga pia kijiti cha kusukumia mbao. Sasa nasimama kando ya bledi, mbao inapita laini.