Mapacha, simu moja na saa ya Kiswahili

Unapoisaidia familia yenye mapacha kujaza dodoso za utafiti kwa simu, swali linaloponza ni lile linaloonekana jepesi kuliko yote: "Huwa unalala saa ngapi?" Kijana wa Kisauni, hapa Mombasa, anaandika 4, akimaanisha saa nne usiku. Kompyuta inasoma saa kumi alfajiri. Pacha mwenziwe, aliyezoea saa ya shuleni, anaandika 22. Chumba chao ni kimoja na taa imezimwa mara moja, lakini kwenye hesabu za watafiti wametengana saa sita nzima.

Dawa yake ni kipande cha karatasi kando ya simu kabla hawajaanza: saa tatu usiku ni 21:00, saa nne ni 22:00, saa sita ni 00:00, saa kumi na moja alfajiri ni 05:00, saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00. Usimwachie kijana kubadilisha kichwani huku anajibu. Na kama utafiti unaendeshwa kutoka Uingereza, kumbuka kwamba Mombasa iko mbele ya London kwa saa tatu wakati wao wa baridi na saa mbili wakati wao wa joto. Wakiandika kwamba fomu inafungwa 17:00 za kwao, kwenu ni saa mbili au saa moja usiku.

Kosa dogo kama hilo linauma zaidi hapa kuliko kwenye utafiti mwingine, kwa sababu utafiti wa mapacha hauangalii mtoto mmoja mmoja, unaangalia jozi. Fikra yenyewe ni ya zamani. Francis Galton aliiandikia tangu mwaka 1875. Mapacha wa yai moja wana jeni, yaani chembe za urithi, karibu zilezile zote. Wa mayai mawili wana nusu zinazofanana kwa wastani, kama ndugu wengine wowote wa baba na mama mmoja. Aina zote mbili hukulia nyumba moja. Basi wa yai moja wakifanana zaidi ya wale wengine, ziada hiyo inasomwa kuwa ni ya urithi. Tuseme kwenye kipimo fulani kufanana kwa wa yai moja ni 0.80 na kwa wa mayai mawili ni 0.50. Tofauti ni 0.30, ukiizidisha mara mbili unapata 0.60, na hilo ndilo kadirio la kiasi ambacho urithi unachangia katika tofauti baina ya watu. Baina ya watu, si ndani ya mtoto mmoja. Mzazi asidhani ataambiwa kwamba asilimia 60 ya akili ya mwanawe Hassan imetoka kwake.

Sasa tazama kinachotokea mapacha wakijibu pamoja kitandani, mmoja anasoma, mwingine anabonyeza. Majibu yao yanafanana kwa sababu walikaa pamoja. Wakifanya hivyo wote, nyumba itaonekana ina nguvu kuliko ilivyo. Wakifanya hivyo zaidi wale wa yai moja, ambao mara nyingi ndio wanaogandana, urithi utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kwa hiyo kazi ya anayesaidia familia, ukiondoa mapambo yote, ni mbili: kila pacha ajibu peke yake, na kila jibu liende kwenye jina la mwenyewe.

Hili la pili ndilo gumu nyumbani penye simu moja. Watafiti hutoa nambari mbili za kuingilia, tofauti yake mara nyingi ni tarakimu moja ya mwisho. Pacha wa kwanza anaingia, anamaliza, anamkabidhi mwenziwe. Wa pili anagusa kisanduku cha nambari, na chini yake inajitokeza ile ya kwanza kwa maandishi ya kijivu, tayari imejazwa. Kidole kinaigusa kabla macho hayajasoma. Hapo ama programu itasema "umeshamaliza", ama, vibaya zaidi, itafuta majibu ya mwanzo na kuandika mapya juu yake. Kila pacha apewe kadi yake, rangi mbili tofauti, yenye jina na nambari kwa kalamu nene. Akimaliza wa kwanza, atoke kwenye akaunti, funga kabisa ukurasa, kisha wa pili afungue dirisha la faragha kwenye Chrome, lile lisiloweka kumbukumbu, na aandike nambari yote kwa mkono huku kadi iko mbele yake. Swali la kwanza likimwita kwa jina, alisome kwa sauti. Jina si lake? Asijibu lolote, atoke.

Nambari zikibadilishana awamu moja ya utafiti unaowarudia watoto walewale kwa miaka, kufanana kwa jozi siku ile hakubadiliki sana. Kinachovunjika ni ule uzi wa miaka: usingizi wa Hassan wa miaka 14 unaungwa na mtihani wa pacha wake Hussein wa miaka 16, na hakuna atakayegundua. Kwa hiyo ukigundua mmebadilishana, waandikie watafiti siku hiyohiyo, utaje nambari zote mbili na saa mliyoingia. Wanaweza kurekebisha wakijua. Msirudie kujaza ili kusahihisha wenyewe. Kurudia kunawapa seti za majibu zaidi ya mbili.

Linki isifunguliwe ndani ya WhatsApp. Ukurasa ukifunguka humo hupotea ukipigiwa simu au ukirudi kusoma ujumbe, na majibu nayo. Inakili, ibandike kwenye kivinjari chenyewe. Zima hali ya kubana data, maana huchelewesha picha na sauti, na weka simu kwenye "Usisumbue". Chaji iwe zaidi ya nusu, kwa sababu umeme unaweza kukatika wakati wowote. Bando la MB 500 kwa kila pacha ni akiba nzuri kwa kipindi cha maswali na michezo ya kumbukumbu. Kukiwa na video, weka zaidi. Vipimo vya kasi, vile vya "bonyeza ukiona duara", husoma sehemu za elfu za sekunde. Kioo kilichopasuka huchelewa kuhisi kidole, na hedifoni zisizo na waya huchelewesha sauti, kwa hiyo tumia za waya. La muhimu zaidi, wote wawili watumie kifaa kimoja. Mmoja akifanya kwenye laptopu ya mjomba na mwingine kwenye simu, mtakuwa mmepima vifaa. Saiba inafaa kama kuna kona tulivu, lakini hakikisha kompyuta haikuhifadhi neno la siri.

Wakati nao uchaguliwe. Jumamosi na Jumapili asubuhi watoto wengi wako chuoni, yaani madrasa, Ijumaa mchana kuna sala, na walioko bweni hupatikana Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka tu. Alasiri baada ya watoto kupumzika na kula ni wakati mzuri. Mwezi wa Ramadhani ningeuepuka kwa vipimo vya akili na usingizi: daku inakata usiku vipande viwili, na "wiki iliyopita ulilala saa ngapi" haitaonyesha maisha yao ya kawaida. Tarehe ya mwisho ikiangukia humo, jazeni, lakini muwaarifu watafiti kwa maandishi.

Kwenye dodoso la mzazi kuna mawili yanayokwamisha. La kwanza ni kama watoto ni wa yai moja. Akina mama wengi watakwambia, "Daktari alisema kondo za nyuma zilikuwa mbili, kwa hiyo si wa yai moja." Si lazima iwe hivyo. Yai likigawanyika siku za mwanzo kabisa, kila mtoto hupata kondo yake, na karibu theluthi ya mapacha wa yai moja huwa hivyo. Kwa upande mwingine, kondo mbili za mapacha wa mayai mawili zinaweza kugandana zikaonekana moja. Mvulana na msichana ni wa mayai mawili. Kwa wengine wote, mama ajibu maswali ya sura kama yalivyoulizwa: walipokuwa wadogo, shangazi zao waliwachanganya? Hata baba? Rangi ya nywele na umbo la masikio je? Maswali hayo yakijibiwa kwa uaminifu, huafikiana na kipimo cha jeni kwa takriban jozi 95 katika 100. Mama akijibu kwa kuifuata ile habari ya kondo, faida hiyo inapotea.

La pili ni uzito na wiki za ujauzito. Tafuteni kadi ya kliniki, msitegemee kumbukumbu. Angalia kama fomu inataka gramu au kilo, maana 2.3 na 2300 ni mtoto mmoja lakini si jibu moja. Na "miezi nane" usiizidishe kwa nne ukapata 32. Mwezi wa kalenda una zaidi ya wiki nne, kwa hiyo miezi minane kamili inakaribia wiki 35. Yuko pia mama ambaye mmoja alizaliwa kabla ya saa sita usiku na mwingine baada yake. Fomu nyingine hukataa tarehe mbili. Msidanganye ili ipite, waandikieni watafiti. Na kama ni fomu ya Marekani, mwezi hutangulia siku: 03/04 kwao ni tarehe 4 Machi.

Ridhaa haina njia ya mkato. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria Kenya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla ya habari za mtoto kuchukuliwa. Hapa Mombasa mama anaweza kuwa Uarabuni kikazi na watoto wako kwa nyanya yao Likoni. Nyanya anapika, anasomesha, anauguza, lakini usimwambie atie sahihi kabla hujawauliza watafiti wanamkubali nani kuwa mlezi. Mara nyingi mama mwenyewe anaweza kukubali kwa simu au kwa fomu ya mtandaoni. Kisha vijana nao waulizwe, kila mmoja kivyake. Mmoja akikataa, imekwisha kwake, na mwenziwe asitumiwe kumshawishi. Uliza watafiti kama anayebaki anaweza kuendelea. Tafiti nyingi huruhusu, kwa sababu jozi iliyokamilika leo na iliyopungua kesho bado ina faida. Wakitimiza miaka 18 katikati ya utafiti, wanapaswa kuulizwa upya, wao wenyewe.

Kabla ya hayo yote, omba kuona leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti Kenya, na barua ya kamati ya maadili. Leseni ina msimbo wa mraba unaoupiga picha kwa simu kuuhakiki. Uliza data itahifadhiwa nchi gani, na kama watachukua mate, sampuli itakwenda wapi na itatupwa lini. Anayekutaka ulipe ili ushiriki, au anayeomba PIN ya M-Pesa, si mtafiti.

Kuhusu mate: pacha asile, asinywe, asitafune chochote kwa nusu saa kabla. Andika jina kwenye kichupa kabla hajatema, si baada, na wa pili asifungue chake mpaka cha kwanza kimefungwa na kuwekwa kando. Mate huhesabiwa bila povu.

Maswali ya huzuni, miili na marafiki ndiyo yanayohitaji adabu zaidi. Ujumbe kama huu kwa mama unasaidia, nao utumwe jana yake: "Salaam aleikum Mama Hassan. Kesho saa kumi alasiri Hassan ataanza, kisha Hussein. Kila mmoja achukue kama dakika arubaini. Tafadhali wapatie chumba, na tusisimame nyuma yao. Wakikwama kwenye neno tuwaeleze neno tu, jibu ni lao." Kijana akiuliza "wasiwasi" maana yake nini, mweleze kwa lugha ya nyumbani, na umweleze pacha wake kwa maneno yaleyale. Wachague Kiswahili au Kiingereza, lakini wote wawili lugha moja, na iwe hiyohiyo awamu ijayo. Muulize mtafiti mapema atafanya nini kijana akiandika kwamba anataka kujidhuru: nani anasoma, baada ya muda gani, anampigia nani. Asipokuwa na jibu, usimpelekee familia yoyote. Kijana aijue pia nambari 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ambayo hailipishwi.

Zawadi ya kushiriki ielezwe kabla, kwa shilingi. Vocha ya duka la mtandaoni la ng'ambo huenda isimfae mtu wa Changamwe. Omba M-Pesa au salio la simu, na jina lililosajiliwa kwenye laini lilingane na waliloandika kwenye fomu, la sivyo malipo yatakwama. Zigawanywe mbili sawa, kila pacha fungu lake, hata kama zimeingia kwenye simu ya mama. Kadi zenye nambari zisitupwe. Ziwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa, kila moja kwenye cheti cha mwenyewe, kwa sababu awamu inayofuata huenda ikaja baada ya mwaka mmoja au miwili, na simu itakuwa nyingine.