Tarehe Chini ya Kopo: Nilivyozijua Bia za Viwanda Vidogo vya Marekani

Nikishika kopo la bia hapa Michigan, naligeuza kwanza nitazame kitako chake. Majina ya viwanda nayapenda, michoro yao naipenda pia, lakini tarehe iliyopigwa chini ya kopo ndiyo inayoniambia kama hela yangu inakwenda mahali pake. Ujuzi huo mdogo umenifungulia bia za viwanda vidogo vya Marekani, na leo sina kinywaji ninachokipenda kuliko hizo katika nchi hii.

Mimi ni mtu wa Marangu, nimekulia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Anayeijua mbege anajua kwamba ndizi mbivu peke yake haziitoshi. Kuna kimea cha ulezi, na kuna magome ya msesewe yanayotia ule uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Ikikaa siku mbili tatu inachachuka, na wazee wengine hapo ndipo wanapoipenda. Kwa hiyo uchungu na uchachu, vitu viwili vinavyowakimbiza watu wengi kwenye bia za Kimarekani, mimi nilivizoea kwenye kata kabla sijaonja bia ya chupa. Bia za Safari na Kilimanjaro zilikuja baadaye. Ni laga nzuri, nyepesi, za kunywewa baridi kwenye jua, na mpaka leo nikirudi nyumbani nazinywa kwa furaha. Lakini kilichonishangaza Grand Rapids kilikuwa kitu kingine.

Jiji hili linajiita Jiji la Bia, na ukiingia kwenye duka lolote kubwa la vinywaji utaelewa. Friji zimepangwa ukuta mzima, makopo ya kila rangi, na kila wiki kuna jina jipya. Makopo sita ni dola kumi na kitu, mengine yanafika ishirini. Kwa mshahara wa mtu anayetuma hela nyumbani, huwezi kuchukua chochote na kubahatisha. Nikajiwekea utaratibu: nijifunze ua moja kwanza, kisha lingine.

Nasema ua kwa sababu hopsi ni maua, koni ndogo za kijani za mmea unaopanda juu ya kamba. Hutiwa kwenye maji ya kimea yanapochemka yalete uchungu, na hutiwa tena mwishoni, au hata baada ya bia kupoa, yalete harufu. Sehemu kubwa ya hopsi za Marekani hulimwa bonde la Yakima, jimbo la Washington, na huvunwa mwishoni mwa Agosti hadi Septemba. Bia nyingi huchanganya aina tatu, nne, na mwanagenzi hawezi kujua kipi ni kipi. Ndiyo maana nilianza na Two Hearted ya Bell's, kiwanda cha Kalamazoo, kusini ya hapa. Ina asilimia 7 ya kilevi, ina samaki kwenye lebo, na hopsi zake ni aina moja tu, Centennial, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1990. Ukiinywa hiyo kwa utulivu umeshaijua Centennial: ganda la chungwa, maua, na kwa mbali utomvu wa msonobari.

Pembeni yake nikaweka Pale Ale ya Sierra Nevada. Ken Grossman alianza kuipika mwaka 1980 huko Chico, California, kwa mitambo aliyoiunga mwenyewe kutokana na vyombo vya viwanda vya maziwa. Hopsi inayotawala humo ni Cascade, aina iliyotolewa mwaka 1972, na ladha yake ni ya balungi. Nilikuwa nikinywa kidogo ya hii, maji, kidogo ya ile. Baada ya muda nikaweza kuzitofautisha nikiwa nimefumba macho. Furaha niliyoipata siku ile ni kubwa, kwa sababu tangu hapo kila IPA, yaani bia chungu ya hopsi nyingi, niliyokutana nayo nilikuwa na pa kuipimia.

Halafu likatokea jambo lililonisumbua. Two Hearted niliyonunua duka moja ilikuwa nzito, tamu kama asali iliyokaa, na nyuma yake kuna ladha ya boksi la karatasi lililolowa. Kopo lile lile, jina lile lile. Nilidhani ulimi wangu umechoka. Jumamosi moja nikaenda Kalamazoo, Eccentric Café, ukumbi wa kunywea wa Bell's wenyewe, nikaagiza Two Hearted iliyomiminwa kutoka pipani. Harufu yake ilinifikia kabla glasi haijafika mdomoni. Nikamweleza mhudumu ya dukani ilivyokuwa. Hakunibishia. Aliniuliza swali moja tu: ilikuwa imepakiwa lini?

Niliporudi nikaenda kutazama makopo yaliyobaki rafuni pale dukani. Yalikuwa na miezi mingi, na yalipangwa nje ya friji, karibu na dirisha.

Kinachotokea ni hiki. Mafuta yanayoleta harufu ya hopsi ni mepesi, na hewa kidogo iliyobaki ndani ya kopo inatosha kuyaharibu polepole. Joto linaharakisha kazi hiyo. Harufu ikifa, utamu wa kimea unabaki peke yake, na bia iliyopikwa ili iwe changamfu inakuwa uji. Mwanga nao una ubaya wake: ukigonga hopsi kupitia chupa nyeupe au ya kijani, bia inanuka kama kicheche. Chupa ya kahawia inakinga vizuri, kopo linakinga kabisa. Kwa hiyo kwa IPA na bia zote za hopsi nyingi nilijiwekea mpaka: mwezi mmoja tangu kupakiwa ni raha, miezi mitatu ni mwisho, na isiyo na tarehe siinunui hata iwe na sifa gani.

Kuanzia hapo nikaanza kuzifuata bia zilikopikwa.

Hilo lisingewezekana bila rafiki yangu mmoja, Mkongomani wa Bukavu, tunayefanya kazi zamu moja. Yeye ni mlokole, pombe haigusi, lakini mama yake alikuwa akipika kasiksi ya ndizi kule Walungu, na mambo ya kuchemsha na kuchachusha yanamvutia kuliko hata mimi. "Kaka, wewe onja, usukani niachie," aliniambia, na ndivyo tulivyofanya siku zote. Yeye huagiza chakula na soda, hukaa karibu na kioo cha kutazamia matangi, na huwauliza wapishi maswali ambayo mimi nisingeyafikiria: wanaosha vipi mabomba, hamira wanaitumia mara ngapi kabla ya kuibadilisha, makapi ya shayiri yanakwenda wapi. (Mara nyingi yanakwenda kwa wafugaji, ng'ombe wanayapenda.) Anayetaka kuzunguka viwanda na hana dereva wa namna hii, apande basi au akae mji ule ule mpaka kesho yake. Bia hizi zina nguvu, na barabara za huku hazina msamaha.

Kiwandani huwa naagiza ubao wa kuonjea, vile viglasi vidogo vinne au vitano vinavyoletwa pamoja. Nyepesi kwanza, nzito mwisho. Chungu sana ikitangulia, zote zinazofuata utazionea. Na zile za asilimia kubwa ziachwe zipunguze kidogo ule ubaridi wa friji, maana Wamarekani huzileta baridi mno na ladha inajificha.

Bell's ndiyo naanza nayo kila nikiulizwa. Larry Bell alifungua duka la vifaa vya kupikia bia nyumbani mwaka 1983, na mwaka 1985 akaanza kuuza bia yake mwenyewe aliyoipika kwenye sufuria la supu la galoni 15, kama lita 57. Anayejua sufuria za harusi zetu atacheka, ni kidogo hivyo. Wengi wa wapishi hawa walianzia jikoni kwao, na kuna sababu ya kisheria. Baada ya marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933, kupika bia nyumbani kulibaki haramu kwa sheria ya taifa mpaka Rais Jimmy Carter aliposaini mabadiliko mwaka 1978. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika mia. Leo vimezidi 9,000.

Mwaka 2021 Bell's ilinunuliwa na Lion, kampuni iliyo chini ya Kirin ya Japani. Kwa kipimo cha chama cha viwanda vidogo, Brewers Association, kiwanda cha namna hii hakihesabiwi tena miongoni mwa vinavyojitegemea, kwa kuwa sharti ni kampuni ya pombe isiyo ya kundi lao isimiliki robo au zaidi, na uzalishaji usizidi mapipa milioni 6 kwa mwaka. Kuna watu waliiacha kwa ajili hiyo. Mimi sikuiacha. Naheshimu sana uhuru wa mwenye kiwanda, na nikiwa na bia mbili zinazolingana nachukua ya yule anayejitegemea, lakini Two Hearted inapikwa karibu nami, naipata ikiwa na wiki mbili, na bado ni ile ile.

Hapa hapa Grand Rapids kuna Brewery Vivant, ndani ya jengo lililowahi kuwa nyumba ya huduma za mazishi. Unakunywa bia za mtindo wa Kibelgiji chini ya dari ya kanisa dogo, vioo vya rangi pembeni. Rafiki yangu aliingia kwa wasiwasi, akatoka akisifu chakula. Magharibi yetu, mji wa Holland, wapo New Holland na Dragon's Milk yao, stauti, yaani bia nyeusi nzito, ya asilimia 11 iliyokaa kwenye mapipa yaliyokuwa na wiski ya bourbon. Hiyo nainywa usiku wa theluji, glasi ndogo, nusu saa nzima.

Lakini kilichonigusa zaidi moyoni ni Jolly Pumpkin ya Dexter. Ron Jeffries aliianzisha mwaka 2004, akaamua bia zake zikae kwenye mapipa ya mwaloni pamoja na hamira za porini, zichachuke. Wamarekani wengi wakionja La Roja, mojawapo ya bia hizo, mara ya kwanza wanakunja uso. Mimi nilitabasamu. Ule uchachu, ule mwisho mkavu unaokufanya umeze mate: niliutambua mara moja, kwa sababu ni ndugu wa mbege ya siku ya tatu. Nilimweleza mhudumu habari za ulezi na msesewe, akaita mwenzake aje kusikiliza.

New Glarus nayo ilinifundisha somo la ukaribu kuliko viwanda vingine vyote. Ipo kwenye kijiji kimoja cha jimbo la Wisconsin kilichoanzishwa na wahamiaji Waswisi mwaka 1845. Deborah Carey aliianzisha mwaka 1993 na mumewe Dan ndiye mpishi. Bia zao haziuzwi nje ya Wisconsin. Waliwahi kuuza Illinois, lakini mahitaji yalipowazidi walijitoa wakabaki na watu wao. Basi tukapanda kivuko cha Muskegon, tukavuka Ziwa Michigan hadi Milwaukee kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, tukaendelea kwa gari mpaka kijijini. Spotted Cow haichujwi, ina ukungu, ni laini, ya kunywa mchana na jibini la huko. Ila iliyoniteka ni Wisconsin Belgian Red: zaidi ya ratili moja ya cheri za Door County katika kila chupa, nyekundu kama juisi ya rozela, tamu na chachu kwa pamoja. Hata rafiki yangu aliomba anuse.

Bia ya Heady Topper ya kiwanda cha The Alchemist sijaifuata kwao, jimbo la Vermont, ila mfanyakazi mwenzetu mwenye nduguze kule aliileta ndani ya sanduku la barafu. Watu hawa nawaheshimu kwa uimara wao. Agosti 2011 mafuriko ya tufani Irene yaliharibu baa yao ya Waterbury, na siku hizo hizo wakaanza kupakia Heady Topper kwenye makopo katika kiwanda chao kipya. Kwenye kopo wameandika inywewe humo humo. Husafirishwa baridi.

Zipo ambazo muda hauziharibu, hilo nalo nililijifunza. Bigfoot ya Sierra Nevada, nzito, ya kimea kingi, hubadilika vizuri ikihifadhiwa gizani. Huwa naweka chache kila mwaka, nazifungua pamoja na mpya ili nizilinganishe.

Ndugu zetu wanaofika Grand Rapids huniuliza waanze na ipi. Siwapi IPA. Mtu aliyezoea laga za nyumbani nampa kwanza Dortmunder Gold ya Great Lakes, kiwanda cha Cleveland kilichofunguliwa mwaka 1988, kwa kuwa nayo ni laga na ulimi wake utaikaribisha. Ikiwa ni majira ya kuchipua nampa Oberon, bia ya ngano ya Bell's. Baada ya hapo Pale Ale ya Sierra Nevada, na chakula chenye pilipili. Two Hearted namwambia aisubiri mpaka Jumamosi, twende tukainywe Kalamazoo. Gari ataendesha yule yule.