Sauti Iliyo Nyuma ya Kiti

Mjomba wangu alishuka kutoka Newala mwezi wa Novemba, minada ya korosho ikiwa imepamba moto, na kabla hajamaliza chai yake nilimwomba ahamie kwenye kiti kimoja kilichopo katikati ya sebule yangu hapa Shangani, Mtwara, kwa kuwa ndicho kiti pekee ambacho umbali wake kutoka kila moja ya spika tano zinazokizunguka ni ule ule. Niliweka diski ya A Night at the Opera ya kundi la Queen, nikaufuata wimbo wa Bohemian Rhapsody, nikanyamaza. Kilipofika kile kipande cha opera, ambamo neno "Bismillah" huimbwa na kujibizwa, mjomba, aliyesoma chuoni utotoni na kulijua neno hilo kabla ya kujua kuandika jina lake, aliweka kikombe chini akageuka nyuma.

"Kuna mtu huko?" aliniuliza.

"Hakuna mtu, mjomba. Elekeza uso mbele, usikilize tu."

Wimbo ulipokwisha aliuliza mwimbaji ni nani, nikamweleza kwamba ni Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Alitikisa kichwa, akasema, "Basi rudia." Tuliurudia mara nne jioni ile, na tangu hapo nimekuwa nikitafuta namna ya kueleza kwa maandishi kile ambacho mjomba alikielewa kwa kugeuza shingo.

Watu wengi hapa mjini wakisikia kwamba ninakusanya albamu za sauti ya kuzingira hudhani ninazungumzia sabufa ya kutetemesha mabati. Ninachokusanya ni albamu za zamani za muziki wa pop na roki ambazo mtaalamu amezirudia upya kutoka kwenye tepu za mwanzo, akazichanganya kwa spika tano na njia moja ya pekee ya besi nzito: spika mbili mbele kushoto na kulia, moja katikati, na mbili nyuma ya msikilizaji kwa upande. Jambo la msingi lipo katika tepu hizo. Wanamuziki waliporekodi, kila chombo au kila kundi la sauti liliwekwa kwenye njia yake, na tepu kubwa za miaka ya 1970 ziliweza kubeba njia 24. Baadaye fundi wa studio alizikusanya njia zote hizo akazibana ziwe mbili, ya kushoto na ya kulia, nazo ndizo dunia nzima imezisikia. Anayetengeneza toleo la kuzingira hurudi nyuma ya kazi hiyo, akaifungua tepu upya, akaamua kila sauti ikae wapi chumbani.

A Night at the Opera ilitoka mwaka 1975, na toleo la kuzingira lililochanganywa na Elliot Scheiner lilitoka mwaka 2002 katika DVD-Audio, aina ya DVD iliyotengenezwa kwa ajili ya muziki. Kile kipande cha opera kiliimbwa na watu watatu tu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, wakirudia na kurundika sauti zao tabaka juu ya tabaka mpaka zikawa umati. Katika spika mbili umati huo husikika kama ukuta mmoja mzuri. Katika spika tano ukuta unafunguka, zile sauti zinatawanyika chumba kizima na kujibizana, na ukisikiliza kwa makini unaanza kutambua koo ya nani imeitikia wapi. Mimi nilikuwa nimeusikia wimbo huo miaka mingi kabla ya hapo, na siku ya kwanza kuusikia hivi nilikaa kimya muda mrefu baada ya kwisha.

Mfano mwingine ninaoupenda ni Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya The Beatles, ya mwaka 1967. Mashine walizotumia zilikuwa na njia nne tu, kwa hiyo kila njia zilipojaa mafundi walizichanganya na kuzihamishia kwenye tepu nyingine ili kupata nafasi ya kuongeza vyombo, na kila uhamisho uliufanya muziki upoteze ung'avu kidogo. Bahati njema ni kwamba zile tepu za kabla ya uhamisho zilitunzwa. Giles Martin, mtoto wa George Martin, mtayarishaji aliyeisimamia albamu hiyo tangu mwanzo, alizirudia kwa ajili ya toleo la mwaka 2017, na ndiyo sababu ngoma za Ringo Starr katika toleo hilo zinasikika kana kwamba zimepigwa jana. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mchanganyo mpya unaweza kumfikisha msikilizaji karibu zaidi na siku ya kurekodi kuliko santuri yenyewe ya zamani.

Wazo la kumzunguka msikilizaji halikuanza na diski. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni za santuri ziliuza muziki wa njia nne, spika moja kila pembe ya chumba, lakini kila kampuni ilikuwa na mfumo wake usioelewana na wa mwenzake. Mfumo wa SQ uliokuwa wa CBS na ule wa QS wa Sansui ilizibana njia nne ndani ya mbili, na zilipofunguliwa sauti zilivujiana. Mfumo wa CD-4 wa JVC ulizitenganisha vizuri zaidi, ila ulihitaji sindano maalumu iliyoweza kusoma mawimbi ya juu kuliko sikio la binadamu linavyoweza kusikia. Wanunuzi walichoka, na kabla ya muongo kwisha biashara hiyo ilikuwa imekufa. Kazi nzuri zilizofanyika wakati huo hazikupotea: sauti za saa zinazogonga katika The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd zilirekodiwa na Alan Parsons kwa ajili ya kuonyesha uwezo wa njia nne, naye alitengeneza mchanganyo kamili wa njia nne wa albamu hiyo, ambao mwaka 2011 ulitolewa tena ndani ya kasha kubwa la ukumbusho. Kundi la Chicago nalo lilipata kasha la diski za Blu-ray mwaka 2016 lenye michanganyo yake ya zamani ya njia nne. Mimi huisikiliza michanganyo hiyo kwa heshima, ingawa wachanganyaji wa enzi zile walipenda mno kurusha gitaa kutoka pembe hadi pembe.

Chumba changu kina upana wa mita nne, na nilikipanga kwa kamba na chaki kama fundi anayepima msingi wa nyumba. Nilipigilia msumari mahali pa kiti, nikafunga kamba ya sentimita 180, nikachora duara sakafuni. Spika za mbele zinatakiwa zikae nyuzi 30 kushoto na kulia kwa anayetazama mbele, na hapo hesabu ni rahisi, kwani umbali kati ya spika hizo mbili unakuwa sentimita 180 vilevile. Spika za nyuma hukaa kwenye nyuzi 110, karibu na masikio kuliko watu wanavyodhani, na kutoka spika ya mbele hadi ya nyuma ya upande huohuo nilipima sentimita 231. Nilipowasha mara ya kwanza chumba kilirudisha mwangwi mkali kwa sababu kuta ni za tofali za saruji na sakafu ni ya marumaru, basi nikatandika mkeka mkubwa wa ukindu na kusimamisha godoro la sufi kwenye ukuta wa nyuma. Godoro lile la bibi, ambalo hakuna aliyelitaka tena kwa kulalia, limefanya kazi ambayo sidhani ningeweza kuinunua.

Cha kuchezea diski nilikipata kwenye kibanda cha gemu karibu na soko. SACD, diski za muziki zilizoletwa na Sony na Philips mwaka 1999, hazisomwi na deki ya kawaida katika tabaka lake la njia nyingi, lakini PlayStation 3 za matoleo ya mwanzo kabisa zinazisoma, na mwenye kibanda alikuwa na moja ya gigabaiti 60 iliyokwisha chakaa mikononi mwa vijana. Nilibadilisha feni, nikaiunganisha na risiva ya kuendeshea spika, ya mtumba kutoka Kariakoo, na stebilaiza kati yao na ukuta, maana umeme unaporudi baada ya kukatika huja kwa kishindo. PlayStation hiyo haisomi tabaka la DVD-Audio lenyewe, kwa hiyo diski ya Queen naisikia kupitia tabaka la DTS, yaani sauti ya kuzingira iliyobanwa, lililowekwa kwa ajili ya deki za kawaida za DVD, na kwa sikio langu hilo limetosha.

Niliumia mara moja, na ninaandika hapa ili mwingine asiumie. Muuzaji mmoja wa nje ya nchi alitangaza Brothers in Arms ya Dire Straits kuwa ni SACD ya mwaka 2005, ile iliyochanganywa na Chuck Ainlay na kupata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya sauti ya kuzingira, nami nikalipa shilingi 95,000 pamoja na usafirishaji. Kilichokuja ni sidii ya kawaida yenye jalada lilelile, na muuzaji hakujibu tena. Tangu siku hiyo siagizi kitu kabla ya kutumiwa picha ya mgongo wa kasha, ambapo alama ya njia nyingi huwa imechapwa wazi, na picha ya namba iliyochongwa kwenye duara la ndani la diski. Jambo hili linahitaji uangalifu kwa sababu SACD nyingi ni za matabaka mawili, zinacheza hata kwenye deki ya sidii, na mtu anaweza kumiliki mchanganyo wa kuzingira miaka mingi akisikia njia mbili tu bila kujua.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisisikilize kwa intaneti, kwa kuwa tangu Juni 2021 Apple Music inatoa Dolby Atmos, mfumo mpya zaidi wa sauti ya kuzingira, kwa wateja wake wote. Ninaipokea hoja hiyo, na zipo albamu nilizozifahamu kwa njia hiyo kwanza. Lakini sauti inayopitia intaneti imebanwa na kupunguzwa, ilhali ile ya Blu-ray huja kamili, na zaidi ya hapo mchanganyo uliopo leo mtandaoni unaweza kubadilishwa kesho na mwingine usiufurahie, wakati diski iliyopo kabatini inabaki ilivyo. Nyingi ya diski hizi huchapwa mara moja, zikiisha zimeisha. Nilijifunza subira kwa Avalon ya Roxy Music, SACD ya mwaka 2003 ambayo Rhett Davies na Bob Clearmountain, watu walewale walioshiriki kuitengeneza mwaka 1982, waliichanganya upya. Ilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa Mei 2024, siku ambazo mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, Kilwa, na kifurushi changu kikakwama huko huku mimi nikiwaza unyevu zaidi ya kuchelewa. Kilifika kikavu. Ni mchanganyo mtulivu kuliko yote niliyo nayo. Hakuna kinachorushwa huku na huko, unakuta tu kwamba chumba kimepanuka na sauti ya Bryan Ferry imesimama mbele yako.

Unyevu ndio adui wa kweli hapa pwani. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na ncha za waya zisizofutwa hupata kutu ya kijani ndani ya miezi michache. Diski nazihifadhi kwenye sanduku la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, ambavyo majirani wamezoea kuniletea.

Usiku ule kabla ya kulala mjomba aliniuliza swali nililokuwa nikilitarajia: "Na NUTA Jazz je? Huna zao za namna hii?" Ilinibidi nimweleze kwamba kwa nyimbo zile tepu za kufunguliwa hazipo. Bendi zilikaa pamoja katika studio ya Radio Tanzania, zikapiga na kuimba kwa mkupuo, na muziki ukaingia kwenye tepu ukiwa umekwisha kuchanganyika, tarumbeta na gitaa na mwimbaji vikiwa kitu kimoja ambacho si rahisi fundi kukitenganisha bila kukiharibu. Alisikiliza maelezo yangu hadi mwisho, akaomba nimpigie wimbo mmoja hata hivyo. Nikazima spika nne, nikaiacha ile moja ya katikati, kwa sababu ndivyo sauti ya njia moja inavyostahili kusikika, na tarumbeta zilipoanza mjomba alinyanyuka, akakiburuta kiti akakivusha duara langu la chaki, akaketi karibu kabisa na spika, goti likiigusa.