Robo mzunguko

Desemba 2011 shule zilikuwa zimefungwa, na mimi nilikuwa nimejichimbia kwenye banda la uani kwa babu, Ligula, mjini Mtwara, na kichwa cha treni kidogo cha mbao kilichogoma kutembea.

Kazi yenyewe niliianza Aprili. Nilikwenda Nairobi kwenye harusi, nikachepuka kwenda kuona makumbusho ya reli. Pale imesimama injini ya moshi namba 3020, jina lake Nyaturu, iliyoundwa Glasgow katikati ya miaka ya 1950. Wenzangu walipanda kupiga picha kwenye dirisha la dereva. Mimi nilitambaa uvunguni na tepu ya fundi cherehani, nikatoka na grisi shingoni na kurasa sita za daftari zilizojaa vipimo. Reli yake ni ya upana wa mita moja. Nikaamua yangu iwe sentimita 5, kwa hiyo kila kipimo kwenye daftari nikakigawa kwa 20. Kwa mwalimu wa hesabu hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa rahisi.

Boila, yaani lile pipa la kuchemshia maji, nililichonga kwa mpingo, kwa sababu ni mweusi wenyewe na hauhitaji rangi. Makapi nilikuwa nanunua kwa wachonga vinyago, nikitembea na ndoo ya maji. Wao walicheka, lakini mpingo huzama. Kipande kikielea ujue umeuziwa mti mwingine uliopigwa kiwi ya viatu. Chumba cha dereva na magurudumu nilitumia mninga. Konrodi, yaani zile fimbo zinazounganisha magurudumu ubavuni, nilirudi kwenye mpingo, nikazipiga msasa hadi zikawa nyembamba kama njiti ya mshikaki. Mbili zilivunjika. Ya tatu nilivunja mwenyewe kwa hasira, hilo silihesabu.

Bibi alikuwa anachungulia mlangoni na ufagio. "Mume wangu, hivi vumbi lote hili la gari la mtoto gani? Mbona hata mke hujaoa?"

Babu hakuwa anachungulia. Nilijua tu, kama watu wote wa nyumbani walivyojua, kwamba ujanani alifanya kazi relini. Ni reli ile ya Kusini, Waingereza waliyoijenga kwa ajili ya mpango wao wa karanga wa 1947. Walitaka kulima Nachingwea karanga za kulisha Uingereza nzima, wakajenga reli na bandari yetu hii ya kina kirefu, na kufikia 1951 mpango wenyewe ulishakufa. Reli ikabaki bila karanga. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Ukimuuliza babu habari zake alikuwa anajibu, "Ilikuwa kazi," kisha anauliza kama korosho zimeshapimwa.

Sasa huko kugoma. Nilikigeuza kichwa cha treni mgongo chini, magurudumu manane makubwa yakaangalia juu, manne kila upande. Ukizungusha la mbele kwa kidole, mengine matatu yanafuata vizuri kabisa, nusu mzunguko. Konrodi ikifika mahali imelala sawa na vitovu vya magurudumu, ghafla gurudumu la nyuma linaamua kurudi lilikotoka. La mbele linakwenda huku, la nyuma kule, konrodi inapinda kama upinde. Ukilazimisha, inalia. Nilipanua matundu, nikapaka sabuni, nikapima upya vyote. Vipimo havikuwa na kosa. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa tu nakitazama.

Babu aliingia kutafuta jembe. Akasimama. Akanyoosha mkono, akazungusha gurudumu mara moja, taratibu, hadi pale linapogoma, akaliacha hapohapo. Akainama kutazama upande wa kulia, kisha wa kushoto.

"Umezipanga sawa."

"Ndiyo babu, nimepima, ziko sawa kabisa pande zote mbili."

"Ndiyo kosa lenyewe."

Akanitoa nje hadi kwenye baiskeli yake, akaweka pedeli moja juu kabisa, nyingine chini kabisa. "Kanyaga ya juu. Usisukume mbele, kanyaga chini." Nikakanyaga. Baiskeli haikutikisika. "Unaona? Hapo imekufa. Wewe utajisukuma kwa mguu. Injini ya tani ngapi hizo, utaisukuma na nani?" Akaniambia kwamba kwenye injini, kulia hutangulizwa robo mzunguko mbele ya kushoto. Upande mmoja ukifika mahali pake pa kufia, mwenzake yuko katikati ya nguvu zake, anamvuta. Hawafi pamoja.

Miezi minane, na kule Nairobi nilipima upande mmoja tu wa injini. Nilidhani upande wa pili ni uleule.

Ubaya ni kwamba ekseli zote nne, yaani fimbo zinazounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, zilishakaa kwenye gundi. Ilibidi nizikate katikati kwa msumeno wa chuma, nitoboe kila kipande, nizigeuze kwa robo na kuziunga tena kwa spoki ya baiskeli. Nilifanya hivyo siku mbili, na safari hii babu alikuwa amekaa kwenye kigoda hapo mlangoni, haongei, ila nikikosea anakohoa.

Siku ya pili jioni nilizungusha gurudumu la mbele. Yote manane yakaenda. Upande mmoja unalala, mwingine unanyanyuka, bila kukwama.

Babu aliinuka, akaenda ndani, akarudi na unyoya wa kuku na kikopo. Akachovya. Akaanza kiungo cha mbele kulia, tone moja, akafuta. Kinachofuata, tone moja, akafuta. Hakuruka hata kimoja. Akazunguka nyuma ya meza badala ya kukigeuza kichwa cha treni, kana kwamba hakigeuziki, akaja na upande wa kushoto vilevile hadi mwisho, halafu akagonga boila mara mbili kwa kifundo cha kidole. Mafuta na gundi havipatani hata kidogo, lakini mdomo nilifunga.

"Kila asubuhi hivi," akasema, "kabla haijatoka Mtwara."

Bibi naye alikuwa ameshafika mlangoni. "Mzee, hayo si mafuta yangu ya nazi?"