Viwavijeshi niliowakuta kwenye ukoka, si kwenye mtama

Msimu ule mvua ilichelewa Dodoma, kisha ikaanza kwa kishindo. Mtama wangu ulikuwa umefika kifundo cha mguu. Kila asubuhi niliukagua nikarudi nyumbani nimeridhika, mpaka jirani yangu, mzee aliyewahi kupoteza shamba kwa siku mbili, akaniuliza: "Mwanangu, huko unatazama nini? Pekua majani ya pembeni."

Nikapiga magoti kwenye ukoka wa mpakani. Viwavi walikuwemo, wa kijani, wembamba, si rahisi kuwaona. Siku chache baadaye, walivyozidi kubanana, wakajivua ngozi na kuwa weusi wenye mistari ya manjano ubavuni.

Wengi hapo husema "vamizi". Kiwavijeshi vamizi, aliyeonekana Afrika 2016, ana madoa meusi manne yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia, na hujificha ndani ya majani machanga yaliyojikunja katikati ya mmea. Wangu hawakuwa na madoa hayo, na walitembea hadharani kwa makundi. Huyu ni wa kwetu, kiwavijeshi wa Afrika, kwa jina la kisayansi Spodoptera exempta.

Kilichoniokoa ni uchaguzi wake wa chakula. Hula hasa jamii ya nyasi: ukoka, mtama, uwele, mahindi, ngano, mpunga. Kunde nilizochanganya na mtama hakuzigusa hata jani. Basi sikupiga dawa shamba zima. Nilinyunyiza ukoka na mistari ya mwanzo ya mtama, jioni, wakiwa wadogo, maana wakubwa hawafi kirahisi. Upande wa nyikani nikachimba mfereji wenye kuta wima; waliotumbukia niliwafukia. Ng'ombe hatukuwapeleka pale, kwani wafugaji wanajua malisho yaliyotoka kuliwa na viwavijeshi yanaweza kuua mifugo.

Mistari mitano ilibaki vijiti. Mingine nilivuna.

Jirani wa upande wa pili alipiga dawa wiki iliyofuata. Pesa ya bure! Viwavi walikuwa wameshazama ardhini. Nilifukua sentimita mbili tatu nikapata pupa wa kahawia, nikawaweka kwenye kopo la udongo na kulifunika kwa kipande cha chandarua. Baada ya siku kama kumi, usiku, wakatoka nondo wa kijivu wenye mabawa meupe ya nyuma. Sikuwaachia. Jike mmoja hutaga mayai mamia, na upepo wa usiku huwabeba mamia ya kilomita, hadi kwenye ukoka wa mtu mwingine.