Jumapili asubuhi na binti yangu kwenye usukani
Binti yangu alipotimiza miaka 18 na kupata leseni ya kujifunzia, nilijiwekea ahadi ya kukaa pembeni yake kila Jumapili asubuhi, wakati barabara za Dar es Salaam zina nafasi, ili apate mazoezi ambayo chuo cha udereva pekee hakiwezi kumpa. Kilichotupa kazi si gia wala klachi, bali macho yake, ambayo yaliganda kwenye gari la mbele na kusahau vioo, ilhali bodaboda hapa kwetu hupita upande wowote. Nikamwomba ataje kwa sauti kila anachokiona: mtoto ukingoni, daladala inayotoka kituoni, kivuko cha waenda kwa miguu.

Mwendo tuliupigia hesabu. Katika kilomita 50 kwa saa, gari husafiri karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo anayetazama simu kwa sekunde 3 amepita zaidi ya mita 40 bila kuiona njia. Tangu siku hiyo simu yake, pamoja na yangu, hukaa kwenye buti mpaka tufike. Usiku bado hatujaanza, wala sina haraka.