Risasi

Nimefika nyumbani magharibi inaingia, viatu vimejaa vumbi. Nimevivua nje ya mlango na kuvipangusa kwa kitambaa kibichi, vile vile nilivyokuwa nikiwaelekeza kina mama kutwa nzima huko Owino Uhuru, Mombasa.

Neno lenyewe linatutatiza. Leo nimemwambia mama mmoja kwamba tunapima watoto risasi kwenye damu, akanishika mkono. "Sista, mwanangu hajapigwa risasi." Nikamwonyesha upande kilikokuwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Kilifungwa 2014, lakini risasi hii, metali yenye sumu iliyomo ndani ya betri, haiozi. Imelala kwenye udongo, na kwenye mifupa ya waliovuta ule moshi tangu 2007. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake hutoa kalsiamu ya kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo.

Akanyamaza. Kisha: "Basi nimfanyie nini?"

Tukapiga deki pamoja, mimi na yeye, kwa sababu ufagio mkavu huamsha vumbi. Nikamwambia mtoto anawe mikono kabla ya kula, akatwe kucha, apewe dagaa, maziwa na mchicha. Mtoto aliyepungukiwa na chuma na kalsiamu hufyonza risasi nyingi zaidi. Yote ni kweli. Lakini nikiishia kwenye dagaa na deki nitakuwa nimemtwika mama huyu mzigo wa kiwanda. Udongo haumalizwi kwa kitambaa.

Ndiyo maana siku hizi daftari langu lina safu ambayo chuoni sikufundishwa: nyumba iko wapi, imepakana na nini. Wakazi hawa, mwanaharakati Phyllis Omido akiwa mbele yao, walikaa mahakamani miaka. 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, 2023 ikatenguliwa kwenye rufaa, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kesi kama ile haisimami kwa machozi. Inataka damu iliyopimwa na tarehe iliyoandikwa, na hiyo ni kazi ya muuguzi kama vile kuchoma chanjo.

Wakati naaga, mtoto alikuwa kizingitini akichora mchangani kwa kidole. Ana miaka minne, amezaliwa moshi umeshakwisha. Akamaliza kuchora, akakitia kidole mdomoni. Mama akamwahi.

Jumatano nitamtoa damu. Nimemwandika wa kwanza.